Kifua Kisichotoa Jasho

Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mawingu yalikuwa yamefunga na joto limekwisha kupanda. Mbele yangu katika treni walikaa waokaji mikate wawili. Mkubwa alikuwa amefungua shati. Kifua chake chote kilikuwa kovu la moto, kikavu kabisa, ilhali sisi wengine tulikuwa tumelowa.

"Daktari kasema ngozi waliyonipandikiza ni tishu ya juu juu tu," alisema. "Tezi za jasho zilibaki pajani walikoichuna. Sasa paja linatoa jasho, kifua kinanichemsha moyo."

"Basi leo ukae mbele ya tanuri kwa paja, kaka," mdogo alitania. Mimi na wenzangu, katika bweni la shule, tulifunzwa kutocheka maumivu ya mwenzetu; yeye, yaelekea, alisoma kwingine.

"Tanurini jana nilianguka. Msimamizi kasema nitatoka pale mtu akikubali kubadilishana nami. Wewe unafungasha mikate dirishani, penye upepo."

Mdogo akatazama nje.

"Siku ya moto pale kazini nilikutoa ndani nimekubeba mgongoni," mkubwa akaendelea. "Kifua hiki kiliungua kwa ajili yako."

"Nitakushukuru mpaka kaburini, kaka. Lakini nafasi yangu sikupi."

Kaburi la nani, hakusema. Kwa nilivyoona, la mkubwa lilikuwa karibu zaidi.

Treni ikasimama. Mkubwa alilowesha kitambaa kwa maji ya chupa, akakitandaza kifuani, akafunga vifungo juu yake na kushuka kwenda kazini.