Bakuli la Mama Chizuko

Wasikilizaji wapendwa, ni mimi Gordon Takeyasu, na leo naona aibu kukaa mbele ya kipaza sauti hiki. Mama Chizuko Urabe, mfinyanzi wetu wa hapa mjini Raymond, alitutoka Jumanne. Alikuwa na miaka themanini na moja.

Udongo aliuchimba mwenyewe ukingoni mwa mto. Nyanya yake, kule Kumamoto, Japani, alipaka vyombo majivu ya mabua ya mpunga, yakayeyuka motoni yakang'aa. Mama Chizuko alitumia mabua ya ngano. "Mpunga hapa utaota wapi, kwenye theluji?" alikuwa akisema. Ndiyo maana vyombo vyake vina rangi ya mashamba yetu baada ya mavuno.

Sasa nikiri. Miaka sita iliyopita alikuja hapa studio, akanizawadia bakuli la chai ndani ya sanduku la mbao. Kifuniko kilikuwa na maandishi ya Kijapani. Mimi, mjukuu wa Wajapani, sijui kusoma hata herufi moja. Badala ya kuuliza, nikajitia mjuaji. Bakuli lilikuwa limebonyea ubavuni. Nikasema hewani, nyote mkisikia: "Mama, hili umelikalia?"

Mlicheka. Naye akacheka. "We Gordon, kwa makalio haya lingepona?"

Sikulinywea chai hata siku moja. Nililitumia kuwekea funguo.

Juzi binti yake, Lorraine, alipita hapa kunisimulia habari za mama yake. Akaliona bakuli limejaa funguo.  Kisha akachukua kifuniko cha sanduku, akanisomea: "Kwa mkono wa kushoto wa Gordon."

Wengi mnajua, mashine ya kuvunia viazisukari ilinikata vidole viwili vya mkono huo. Mbele ya watu mimi huuficha mfukoni.

"Mama alikuona ukiponyokwa na kikombe ukamwaga chai hekaluni, kwenye sherehe ya kuwakumbuka marehemu," Lorraine alisema. "Alilirudia bakuli hili kulifinyanga mara tisa, kaka. Mara tisa!"

Nilimwaga funguo. Nikalishika kwa kushoto. Visiki vya vidole vikaingia pale palipobonyea, bakuli likatulia.

Lorraine, na ukoo wote wa Urabe, poleni sana. Mnisamehe. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kama kuna zawadi mliyoicheka, kaishikeni tena leo.

Hapa mezani nina chai ndani ya bakuli hilo. Nainywa kwa mkono wa kushoto. Mama Chizuko, haijamwagika hata tone.