Vifungo vya Marehemu Fundi

Muuza maua alipanda treni akitaka kusinzia tu, lakini kiti cha mbele yake kilimnyima usingizi. Mama mmoja, mfuko wa vifungo mapajani, alikuwa akimsimulia mwalimu wa hesabu aliyekutana naye humo humo.

"Marehemu baba alikuwa fundi cherehani. Katuachia vifungo elfu mbili mia tano na ishirini, watoto tugawane sawasawa, kisibaki hata kimoja. Wa ndani ya ndoa wako saba. Mimi mtoto wa nje nilikwenda matangani nikiogopa kufukuzwa. Kaka mkubwa akaniona, akagawa mafungu manane. Hakikubaki kitu! Baba alinihesabu."

Mwalimu, ambaye bila shaka alizaliwa na chaki mkononi, akakohoa. "Pole kwa msiba, dada yangu. Ila hiyo ndiyo namba ndogo kuliko zote zinazogawanyika kwa kila namba, kuanzia moja hadi kumi. Hata mngekuwa saba au tisa, kisingebaki kitu."

Muuza maua alitamani kumfinya.

"Kwa hiyo hakunihesabu?"

"Nasema tu namba haimtaji mtu."

"Sasa mwenye watoto saba anahangaikia namba ya mpaka kumi ya nini?"

"Huenda ni bahati tu," alisema mwalimu, kwa sauti ya chini kidogo.

Treni ikafunga breki. Mama akasimama, uso umemchangamka. "Ahsante sana, mwalimu. Basi kama yupo wa tisa, ngoja nikamtafute nimwambie asiogope kuja."