Hakuna Mabadiliko: Risala ya Wafanyakazi wa Kiwanja cha Ndege cha Rubambara, Februari 1999

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi Msaidizi unayesimamia taarifa za viwanja. Rubani wetu Bwana Nickson. Mwenyekiti wa kijiji. Wazee na akina mama. Nanyi ndugu zetu mliovuka ziwa mkabaki nasi. Shikamooni, mwakeye, na poleni na safari.

Mheshimiwa, mara ya mwisho mkubwa kutoka makao makuu kushuka hapa, alikaa dakika ishirini na injini haikuzimwa. Wewe umezima injini na umekunywa chai. Tunakushukuru sana. Tunakuomba isiwashwe mpaka risala hii ifike mwisho.

Anayesoma ni mimi Hamdani, mfyeka nyasi. Wenzangu wamenisukuma mbele kwa kuwa nimetembea: nimechimba chumvi Uvinza, nimebeba mizigo bandari ya Kigoma na ya Kalemie, na shule yangu niliiokota humo njiani, darasa hapa, nusu darasa kule. Nikikosea herufi nisameheni. Maneno ni ya wote.

HISTORIA YA KIWANJA

Kiwanja hiki kilifyekwa mwaka 1957 kwa ajili ya ndege za kupuliza dawa ya mbung'o. Kutoka mwisho wa mlimani hadi mwisho wa ziwani ni mita elfu moja na mia moja. Namba hiyo ndiyo iliyoingia katika kitabu wanachobeba marubani, na humo imebaki. Makampuni ya ndege hayatujui sisi. Yanaijua namba hiyo, na kwa namba hiyo yanapakia watu.

Kila mwezi fomu hujazwa hapa na kupelekwa makao makuu. Huandikwa urefu, nyasi, mfuko wa upepo ule wa mlingotini unaomwonyesha rubani upepo unakotoka, na vizuizi, na mstari wa mwisho ni MABADILIKO. Mwenye idhini ya kuitia sahihi ni mtu mmoja tu, mwangalizi wetu, Ndugu Anatoli. Alikuwa na mnyororo wa kupimia, na kila Jumatatu ya kwanza aliuburuta mwenyewe toka mlimani mpaka ziwani. Kichuguu kikiota, alikiandika.

Siku moja Gaudensi, anayefukuza mbuzi hapa, alimcheka. "Wewe Anatoli, kichuguu cha kidole kimoja nacho unakipeleka Dar es Salaam?"

Anatoli akamjibu, "Kwako kidole, bwana. Kwa gurudumu ni ukuta."

Basi mwisho wa mwaka 1996 vita vya ng'ambo vikawatupa watu ufukweni kwetu. Mitumbwi ilikuja imejaa hadi maji yanachungulia ndani. Wengi walipelekwa kambini, lakini waliokuwa wameshikwa na kipindupindu hawakuweza kupelekwa popote. Walilala hapa mwisho wa ziwani, chini ya maturubai, na waliokufa walizikwa hapo hapo. Huku kwingine ni mawe matupu. Udongo uliokuwa laini na sawa ulikuwa mmoja tu, na nyote mnaujua.

Ni makaburi arobaini na matatu, Waislamu na Wakristo pamoja. Yamekula mita mia mbili na sitini za kiwanja. Zimebaki mia nane na arobaini.

Anatoli aliwabebea maji wagonjwa wale, na mwezi wa kwanza mwaka 1997 naye akashikwa. Alipoona haamki, aliomba fomu zilizobaki kwenye droo. Zilikuwa tisa. Akazitia sahihi zote akiwa amelala, mkewe Leonia akimshikia ubao. Akasema, "Andikeni hakuna mabadiliko, mpaka walete mtu mwingine. Wakifunga kiwanja, dawa za hawa watu zitashukia wapi?"

Kesho yake tukamzika. Yeye ni wa arobaini na tatu.

MAFANIKIO

Mheshimiwa, wakati wa chai umetuonyesha cheti kilichowekwa kwenye kioo. Umesema umekuja kumkabidhi Ndugu Anatoli kwa kuleta taarifa ishirini na nne mfululizo, miaka miwili kamili, bila kuchelewa na bila kosa. Ukauliza, "Yuko wapi huyu bwana?"

Gaudensi akakujibu, "Yupo, Mheshimiwa. Hajatoka kiwanjani."

Nawe ukacheka, ukasema, "Huyo ndiye mtumishi!"

Hatukuweza kukurekebisha mbele ya chai. Sasa tunarekebisha. Kiti cha pili kutoka kulia kwako, ambacho umekuwa ukikitazama, hakuna anayekuja kukikalia. Akina mama walikiweka kwa kufuata idadi ya kwenye barua yako.

Fomu tisa alizotia sahihi tulizituma sisi. Tuliandika maneno yale, Leonia akapiga mhuri, mtumbwi ukapeleka Kibirizi, Kibirizi ikapeleka posta Kigoma. Kosa hilo ni letu na hatuligawi kwa marehemu.

Zilipokwisha, Oktoba 1997, tuliandika barua kwamba mwangalizi amefariki na kiwanja kimepungua. Jibu lilikuja, tunalo hapa. Linasema: "Taarifa hupokelewa kutoka kwa mwangalizi mwenye idhini peke yake. Kuhusu kifo kilichotajwa, Ndugu Anatoli athibitishe kwa sahihi yake."

Tukaacha kuandika. Hatukutuma chochote tena.

Mwezi uliofuata kikaja kikaratasi: "Taarifa ya Novemba imepokelewa. Hakuna mabadiliko. Asante." Desemba kikaja kingine. Januari kingine. Vimekuja kumi na vitano, Mheshimiwa, Joanitha karani wetu ameviweka kwenye bahasha hii. Sisi tulituma tisa. Cheti kinasema ishirini na nne.

Tulijiambia ni karani wa huko, akikosa karatasi ya mwezi huu anarudia ya mwezi uliopita. Nilikutana na makarani wa namna hiyo bandari mbili tofauti. Tukatulia na maelezo hayo, tukawa tunalala.

Leo kwenye chai ukafungua jalada kutusomea mfano wa kazi nzuri. Ukasoma taarifa ya Mei mwaka jana: "Mfuko wa upepo ni mpya, wa buluu, umeshonwa kwa uzi mweupe. Mengine, hakuna mabadiliko." Hapo ndipo kikombe cha Leonia kilipoanguka, ukadhani ni joto.

Mfuko ule ameushona Leonia mwenyewe, Mei hiyo hiyo, kwa turubai la wakimbizi, baada ya ule wa zamani kuoza. Uzi aliufumua kwenye chandarua cha marehemu mumewe. Rangi tunakubali, rubani huiona akiwa juu. Uzi hauonekani mpaka uushike. Na hakuna hata mmoja wetu aliyeandika maneno hayo.

Umetuonyesha na sahihi. Ina ule mkia wa Anatoli unaorudi nyuma kama ndoana. Leonia ameitazama, akasema neno moja tu: "Ameamka." Kisha akaenda kukaa nyuma, pale alipo sasa, na tunaomba asiulizwe maswali.

Sisi hatusemi ni nini. Tunasema tu kwamba aliyeandika aliuona mfuko, akaziona nyasi, na katika miezi kumi na mitano hakuandika hata mara moja zile mita mia mbili na sitini alizozilalia.

MATATIZO

Tatizo la kwanza tumelitengeneza wenyewe. Makaburi yalikuwa na misalaba na vibao vya majina. Tulipoona ndege zinashuka karibu mno, tukaogopa bawa lisije likagonga. Tukaving'oa. Tukasawazisha na matuta, tukaacha nyasi ziote. Badala ya kuirekebisha fomu ifanane na kiwanja, tulikirekebisha kiwanja kifanane na fomu. Ukiwa juu, njia imenyooka mpaka majini.

Tatizo la pili ni udongo. Chini ya nyasi zile ardhi haikushikana, na mvua hizi zinaitia maji. Desemba iliyopita ndege moja ya mizigo ilipita kaburi la kwanza kwa hatua tatu, gurudumu likazama nusu. Tulipolichimbua, lilitoka limezongwa na kipande cha blanketi la kijivu, yale ya msaada. Rubani alikitazama, akapanda, akaondoka. Hakuuliza na hakurudi. Kikaratasi cha mwezi ule kilisema hakuna mabadiliko.

Tatizo la tatu ni la leo. Ndege yako imeshuka saa tano, upepo ukitoka ziwani, ikakimbia kuelekea ziwani. Iliposimama, Gaudensi alihesabu toka gurudumu la mbele hadi kaburi la kwanza. Ni hatua sabini. Akamwendea Bwana Nickson.

"Kijana, umesimama karibu na watu."

"Watu gani, mzee? Mbele si nyasi tu?"

"Nyasi tuliziacha sisi ziote."

"Mzee wangu, kitabu kinasema elfu moja na mia moja. Nina nafasi ya kutosha hata kugeuza lori."

Gaudensi akamwuliza, "Kitabu chako kilitembea hapa lini?"

Bwana Nickson akacheka. Hatumlaumu, amefundishwa kuamini kitabu, na angefanyaje kazi asipokiamini? Lakini saa tisa upepo utakuwa bado wa ziwani, na ataruka kuelekea ziwani. Mtakuwa watu sita, na akina mama wa hapa wameshapakia magunia matatu ya dagaa ya zawadi. Amepiga hesabu yake kwa namba ya marehemu. Tumemwona akiiandika kwenye karatasi aliyoifunga gotini.

MAOMBI

Tunaomba magunia yashushwe. Zawadi ni yako na itakufuata.

Tunaomba wewe na wenzako mrudi Kigoma kwa maji. Mtumbwi wa mashine wa Nikodemu upo ufukweni, mafuta yamejaa, kabla ya magharibi mtakuwa Kibirizi. Bwana Nickson aruke peke yake, ndege ikiwa nyepesi, aanzie mlimani kabisa, na aache ardhi kabla ya mawe meupe. Asubuhi, mlipokuwa mnanawa nyuso, tulipanga mstari wa mawe ya chokaa kwenye mita ya mia nane na arobaini. Bwana Nickson, tunakuomba uyatazame mawe, uache goti.

Tunaomba jina la Ndugu Anatoli liondolewe kwenye orodha ya wenye idhini. Hatuombi kwa ubaya. Alifanya kazi yake, na mtu akishazikwa apewe ruhusa ya kuacha kazi. Leonia anaomba cheti asikabidhiwe yeye. Anasema kiwekwe pale, mwenyewe achukue akitaka.

Tunaomba ruhusa ya kurudisha misalaba na vibao.

La mwisho ni hili. Joanitha anakuletea fomu. Ni ya zamani, tuliifuta kwa mkate. Penye urefu tumeandika mia nane na arobaini. Penye vizuizi tumeandika makaburi arobaini na matatu. Penye mabadiliko tumeandika mpaka nafasi ikaisha, tukaendelea nyuma. Penye sahihi tumeacha wazi. Barua yenu ilisema sahihi ya mwenye idhini peke yake, na hapa leo, kati ya wote wanaopumua, mwenye idhini ni wewe. Kalamu ina wino, tumeijaribu.

Mheshimiwa, tutakusubiri umalize kusoma. Hatuna haraka, na wao pia hawana.

Mungu akufikishe kwako ukiwa mzima, awape amani waliolala ufukweni, na kila anayeshuka kutoka juu akute chini kile alichoambiwa atakikuta.

Ni sisi wafanyakazi wa Kiwanja cha Ndege cha Rubambara: kwa orodha yenu watu kumi, kwa kutuhesabu hapa tulipo, tisa.