Herminda Curiqueo na Salamu za Huilcoleo

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kubeba maneno ya watu wasiopenda kusikilizana, Bi. Herminda Curiqueo, mkalimani wa Ofisi ya Maridhiano ya Ardhi hapa mkoani kwetu, anastaafu rasmi tarehe 31 Machi. Wakubwa wameniomba niandike habari zake mimi, Belarmino Huenchual, dereva, ambaye ofisi nzima inaniita Mjomba. Wamechagua vizuri. Hakuna aliyekaa naye garini kunizidi, na katika nchi hii yote ya kusini hakuna mtu anayeweza kupanda mlima kwenye matope huku akikumbuka kila kilichosemwa kiti cha nyuma.

Kazi hii hakuiomba. Zamani ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la matandiko ya farasi, naye aliingia kukwepa mvua. Akamkuta mzee mmoja wa Kimapuche, yaani sisi wenyeji wa huku kusini, na mkuu wa ofisi wa wakati huo wakipigiana kelele, mmoja kwa Kimapuche, mwingine kwa Kihispania, kila mmoja akidhani mwenzake ni kiziwi. Herminda, maji bado yanamchuruzika, akaanza kumweleza kila mmoja anachosema mwenzake. Hakuacha kitu, hata matusi. Wote wawili wakanyamaza ghafla kama jogoo waliomwagiwa maji. Aliajiriwa kabla nguo zake hazijakauka.

Basi ndivyo alivyofanya kazi mpaka leo: neno analipokea kama lilivyo na kulifikisha kama lilivyo. Mhandisi mmoja kutoka mji mkuu alimwambia awaeleze wanakijiji kwamba yeye ni rafiki yao mkubwa. Herminda akawaeleza, akasikiliza, akamrudia: "Wanauliza, tangu lini?" Baada ya hapo mhandisi yule aliacha kukaa garini akisubiri chakula na akaanza kukaa na watu.

Nimempeleka kila mahali. Tuliwahi kunaswa na mvua karibu na ziwa, mvua ya kweli, siyo hizi za siku hizi, mpaka samaki wakawa wanavuka barabara, na mimi nikasimamisha gari wapite. Herminda alilala muda wote. Anakoroma, na hili nalisema kwa heshima. Jamii zilizorudishiwa ardhi kupitia kinywa chake nilijaribu kuzihesabu kwa vidole, vyangu vikaisha, nikaazima vya fundi wetu wa magari.

Lakini aliyetaka kumjua Herminda ilimpasa awepo Huilcoleo, miaka sita iliyopita. Mimi nilikuwepo.

Huilcoleo ni kilima chenye miti michache na makaburi mengi. Wenyeji wake waliondolewa pale enzi za mababu, ardhi ikapewa shamba kubwa la ng'ombe, na kwa vizazi vitatu wakawa wanaomba ruhusa kwa mwenye shamba ili wakawaone marehemu wao. Baada ya mabishano marefu serikali ikakubali kukirudisha kilima na kuomba radhi kwa watu wenyewe, palepale juu. Sharti la wazee lilikuwa moja tu: wairidhie hiyo radhi. Wasiporidhia, jalada lingerudi mji mkuu, na sote tunajua jalada likirudi mji mkuu huota ndevu. Mzee Segundo Llancapán, lonko wao, yaani mkuu wa ukoo, alikuwa mtu mzima sana. Asingeishi kuliona likirudi.

Mjumbe wa serikali alikuwa kijana nadhifu, Don Ignacio Errandonea. Nilimpandisha mimi, salama, hata tai yake haikupinda. Akashuka, akapeana mikono na wazee haraka haraka, akafungua karatasi yake, akaanza kusoma. Alisoma vizuri, sauti kama ya redio. Alipomaliza aya ya kwanza akamtazama Herminda, amgeuzie maneno.

Herminda alikaa kimya.

Wazee nao walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakitazama mbele, kama watu wanaosubiri basi. Don Ignacio akamnong'oneza, akauliza kama kuna tatizo lolote. Herminda akamwambia kwa sauti ya kawaida, "Bwana, hawajakusikia. Bado hujafika."

"Mbona niko hapa?"

"Gari ndilo lililofika."

Nilijisikia vizuri kidogo kwa ajili ya gari. Ila ukweli ulikuwa huo. Kwetu mtu hafiki mpaka asalimiane. Na salamu yetu siyo "habari, nzuri" ukapita. Unaulizwa njia ilikuwaje, mwili ukoje, mkeo, watoto, mama, baba, ndugu, watu wa huko ulikotoka, nani anaumwa, nani ametangulia. Unajibu kila kimoja, kisha unauliza nawe. Kumruka mtu ni kumzika akiwa hai. Na serikali hiyo, tangu ilipokuja kusini na askari wake, haikuwahi kutusalimia hata mara moja.

Don Ignacio akakunja karatasi. Mzee Segundo akaanza, taratibu, na Herminda akabeba. Njia ilikuwaje? Ilikuwa nzuri, dereva ni hodari. (Maneno hayo ni yake, siyo yangu.) Mke hajambo. Mtoto ana kikohozi. Mzee akataka kujua kikohozi cha namna gani, bibi mmoja akaagiza majani yatafutwe. Mama yake Don Ignacio yuko hai, miguu inamsumbua. Baba alifariki. Wote wakainamisha vichwa kwa ajili ya baba huyo wasiyemjua.

Kisha mzee akauliza, "Na wa nyuma yao? Babu zako walikuwa watu wa wapi? Kuna aliyewahi kufika huku kwetu?"

Herminda alilibeba swali lile bila kulipunguza uzito. Kijana angeweza kusema hajui, na nani angembishia? Upepo ulikuwa umesimama. Hata farasi, naapa, waliacha kutafuna.

"Alifika," akasema mwishowe. "Baba wa babu yangu. Alikuja na kamba ya kupimia. Ramani iliyokikata kilima hiki aliichora yeye."

Mimi nimeona volkeno ikitema moto, nikiwa chini yake, na nikaendelea kula. Siku hiyo nilisahau kabisa nyama iliyokuwa motoni. Herminda akageuza, neno kwa neno, kamba na ramani na yote. Mzee Segundo akamgeukia kijana.

"Kumbe ninyi tunawajua," akasema. "Karibu. Mmechelewa kidogo."

Bibi mmoja akacheka, wa pili akadakia, mwishowe kilima kizima kikacheka, na Don Ignacio akacheka huku anajifuta macho. Ndipo mzee akajibu salamu kwa upande wake. Akawataja watu wake mmoja mmoja, walio hai na walio chini ya miti, waliofukuzwa na walikokwenda kufia. Mwanakondoo alipoa kwenye mishikaki, akarudishwa motoni, akapoa tena. Hakuna aliyelalamika, na mimi nina njaa ya kuzaliwa nayo.

Radhi yenyewe ilikuja mwishoni, bila karatasi. "Tulichukua kilichokuwa chenu. Tulijua ni chenu. Nawaomba radhi." Herminda aliisema kwa lugha yetu, akisema "tulichukua", kwa kuwa hivyo ndivyo mkalimani anavyosema. Sauti yake haikuyumba. Wazee wakatazamana. Mzee Segundo akasema wameisikia, sasa imefika.

Nikadhani tumemaliza, nikaanza kuinuka kuelekea kwenye nyama. Mzee akainua mkono.

"Bado kuna mtu hatujamsalimia," akasema. Akamgeukia mkalimani. "Na wewe, mwanangu? Watu wako hawajambo?"

Miaka yote hiyo hakuna mkutano ambao mtu alimsalimia mkalimani. Wote huongea kupitia kwake kama wanaoongea kupitia dirisha. Herminda akajibu kwa Kimapuche, polepole. Don Ignacio akatazama huku na huku: mkalimani wa mkalimani yuko wapi?

Nikasimama mimi. Kihispania nilikisoma mpaka darasa la nne, mwalimu akaona nimetosha. Lugha yetu niliinyonya kwa mama. Nikamwambia mjumbe wa serikali haya, bila kuruka:

"Anasema bibi yake alizaliwa kwenye kilima hiki. Waliondolewa bibi huyo akiwa na mimba ya mama yake mkalimani. Anasema bibi amezikwa mjini, kwenye makaburi ya watu asiowafahamu. Na anawasalimu."

Hatukujua, ofisi nzima. Herminda alikuwa ameisema radhi ile kwa kinywa chake, na mwenye kuombwa radhi alikuwa yeye pia.

Mzee Segundo hakumpa pole. Alimwonyesha nafasi kati ya miti miwili. "Mwambie bibi arudi nyumbani," akasema. "Tumemwachia mahali."

Mzee huyo alifariki majira ya baridi yaliyofuata, akiwa na kilima chake, na sasa yuko palepale, jirani ya nafasi hiyo. Vibali vya kuhamisha kaburi vimechukua muda, lakini vimetoka. Aprili, wiki ya kwanza ya kustaafu kwake, Herminda anampeleka bibi yake Huilcoleo, na atajenga nyumba chini ya kilima. Dereva amekwishapatikana. Gari limeoshwa, na nitaendesha taratibu kuliko nilivyowahi kuendesha maishani.

Dada Herminda, ofisi inakushukuru kwa maneno yote uliyoyafikisha mazima. Tunakutakia pumziko jema, mwili wenye afya, na kuni kavu. Ukifika kule juu, tusalimie wote, mmoja mmoja, usimruke mtu. Na wakikuuliza habari zetu, kaa chini, uwajibu zote.