Kong Aitilin Kharsati na Wapiga Ngoma wa Tumboni

Mpendwa wetu Aitilin Kharsati, ambaye sote tulimwita Kong, yaani dada mkubwa, na tunayemsindikiza leo hapa Smit, alizaliwa kijijini hapa siku ya Jumapili, tarehe 11 Novemba 1951. Alikuwa kitinda mimba wa Mama Sngewlin Kharsati, muuza nyama ya nguruwe sokoni, na Mzee Phrang Wahlang. Kwa kuwa kwetu mrithi ni binti wa mwisho, nyumba ya ukoo ilikuwa yake kabla hajaota meno. Kazi za nyumba nazo zilikuwa zake.

Siku za soko alimsaidia mama yake kuosha utumbo. Siku moja, akiwa na umri wa miaka saba, aliona kipande cha utumbo kikijinyonganyonga chenyewe ndani ya beseni.

"Mei," alimwita mama yake, "nguruwe ameshakufa. Nani anausukuma huu?"

"Osha, mtoto wewe! Wateja hawanunui maswali."

Mjomba wake Drolin, aliyepiga ngoma kubwa kwenye mchezo wa kila mwaka hapa kijijini, alikuwa amesimama karibu, akacheka. "Mpwa wangu, kitu kikienda kwa mdundo, jua kuna mpiga ngoma. Kama humwoni, hujatazama vizuri." Marehemu aliyabeba maneno hayo maisha yake yote, na mengi mtakayoyasikia hapa yalitokana nayo.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, kisha shule ya wasichana mjini Shillong, ambako alimaliza mwaka 1969. Mwalimu wake wa sayansi alimwandikia kwenye ripoti kwamba anauliza kupita kiasi. Mama yake aliitundika ripoti hiyo ukutani kwa fahari, maana hakujua kusoma. Mwaka 1972 alikwenda Guwahati kujifunza ufundi wa maabara, na kuanzia Januari 1974 hadi alipostaafu mwaka 2011 alifanya kazi katika maabara ya hospitali ya misheni. Kazi yake ilikuwa kukata nyama za wagonjwa vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, kuvipaka rangi na kuvitazama kwa darubini.

Tarehe 5 Mei 1979 alifunga ndoa na Bah, yaani kaka, Plielad Nongsiej, karani wa mabasi, mtu mpole, ambaye alihamia nyumbani kwa mkewe kama ada yetu ilivyo. Kila asubuhi kwa miaka thelathini na minane mumewe alisalimiwa kwa swali moja: "Tumbo linakwenda?" Maskini akajibu mbele ya wageni, mbele ya mchungaji, hata mbele ya wakwe: "Linakwenda, Kong." Baadaye mtaa mzima ukasalimiwa hivyo, na hakuna aliyethubutu kupita bila kujibu.

Mpiga ngoma wake alimpata akiwa na miaka hamsini na mmoja. Mwaka 2002 hospitali ilipata rangi mpya ya kahawia. Kwa rangi hiyo aliweza kuona, katikati ya tabaka mbili za misuli ya utumbo, seli nyembamba zenye mikono mirefu, zimeshikana mkono kwa mkono. Hizo ndizo zinazotoa mdundo, na misuli ikisikia mdundo inasukuma chakula. Siku ya kwanza kuziona alitoka mbio hadi uani, akamshika mfagizi mabega: "Mjomba alisema kweli! Wapo! Nimewaona!" Mfagizi alidhani ni ndugu waliopotea, akampa hongera.

Lakini rangi ile ilikuwa na mtego. Hupaka kahawia pia seli nyingine, za mviringo, walinzi wa mwili, ambazo ziko karibu kila mahali. Fundi huzitumia kama mashahidi: zikiwa kahawia, anajua rangi imeshika. Mwenye hamu akitazama kwa haraka anaweza kuwahesabu mashahidi akadhani amewahesabu wapiga ngoma. Marehemu alikuwa na hamu.

Septemba 2003 aliletwa mtoto mchanga kutoka Laitkynsew, jina lake Daiaphira, tumbo limevimba kama ngoma yenyewe. Daktari wa upasuaji, Bah Wanlambok, alimtolea utumbo nje upande wa tumbo ili uchafu utokee kwenye mfuko, akatuma vipande maabara. Kong Aitilin akaandika: wapiga ngoma wapo. Kwa karatasi hiyo ikapangwa kuuunga utumbo Jumanne, tarehe 14 Oktoba.

Asubuhi ya siku hiyo, akipanga kwenye sanduku vioo vinavyobeba vile vipande, alikitazama cha mtoto mara moja zaidi, kwa kukifurahia tu. Seli zote za kahawia zilikuwa za mviringo. Hapakuwa na hata mkono mmoja. Angeweza kulifunga lile sanduku, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Mficha uchi hazai. Alikimbia na aproni yake yenye madoa hadi mlango wa chumba cha upasuaji, akaishika machela iliyokuwa inaingizwa.

"Simamisheni! Niliandika uongo."

"Kong, una wazimu?" akafoka Bah Wanlambok. "Sahihi hii si yako?"

"Sahihi yangu, na kosa langu. Ukiuunga leo utavimba tena, na kichanga huyu hana nguvu ya kupasuliwa mara ya tatu."

"Watu wanatusikia."

"Wasikie!"

Bibi wa mtoto, Mama Trisibon, alisikia. Kong Aitilin alimwendea na popoo na tambuu, kama mtu anavyoanza neno zito kwetu. Bibi akageuza uso, mkono haukunyooka. Watu wote kwenye ukumbi waliona, na aibu ile alisema iliuma kuliko barua ya onyo aliyopewa baadaye.

Daktari mmoja mkubwa alishauri mtoto akafie kwao. Marehemu hakukubali. Alikaa darubinini siku tatu, kipande baada ya kipande, mpaka pembezoni akaona wachache, hafifu, wenye vijikono vifupi kama vya vichipukizi. Akarudi kwa bibi.

"Hawakukosekana, Mama. Wamechelewa. Mpeni mtoto miezi sita na mfuko wake, tukitazama kipande kipya cha utumbo kila baada ya miezi miwili."

"Wewe ndiye uliyekosea. Kwa nini nikuamini mara ya pili?"

"Kwa sababu kosa umelisikia kwangu, hukuambiwa na mtu."

Bibi akamrudisha mtoto kwao na mfuko wake, si kufa bali kulelewa. Kila Jumamosi Kong Aitilin alipanda basi hadi Laitkynsew, akamsafishia mfuko, akampima uzito kwa mizani ya viazi. Desemba vijikono vilikuwa vimerefuka. Februari vilikaribia kugusana. Aprili, jamani, walikuwa wameshikana! Safari hii hakutia sahihi mpaka Bah Wanlambok naye alipoangalia kwa macho yake. Utumbo ukaungwa Jumatatu, tarehe 19 Aprili 2004.

Zikapita siku tatu za kimya. Marehemu hakula. Alhamisi saa nne asubuhi sauti ya Mama Trisibon ilipasua wodi: "Amekunya! Njooni, amekunya!" Familia ilitaka iandikwe hapa kwamba mtoto alipata choo, lakini marehemu aliagiza neno hilo lisiguswe. Wauguzi walipiga vigelegele, Bah Wanlambok alicheza na glavu mkononi, na nepi ile ilizungushwa wodi nzima kama kombe. Kisha bibi akafungua mkoba wake, akapasua popoo, akapaka chokaa kwenye jani la tambuu, akampa Kong Aitilin kwa mikono miwili.

Mwaka 2017, mwaka huohuo aliofiwa na mumewe, alipatikana na uvimbe tumboni. Alidai kioo chake mwenyewe, akakitazama, akacheka. "Ni walewale wapiga ngoma wangu. Wamelewa. Sina ugomvi nao, wamenilisha miaka sitini na tano." Kwa vidonge na ukaidi aliishi karibu miaka saba zaidi. Jumapili, tarehe 3 Machi 2024, saa moja asubuhi, alimwuliza binti yake swali lake la kila siku, akasikia jibu, akafumba macho.

Ameacha binti yake Ribalin, anayebaki na nyumba, wanawe Kyrmen na Banshan, wajukuu sita, na Daiaphira, ambaye hakumzaa, ana miaka ishirini sasa, na jana kwenye msiba alimaliza sahani tatu za wali wa nyama huku Mama Trisibon akimwongezea.

Kwetu tunasema aliyefariki anatafuna popoo nyumbani kwa Mungu. Kong wetu ameshafika, na hatuna shaka kwamba kabla hajakaa ameuliza kule alivyokuwa akiuliza huku. Tunaomba tusimame, na Daiaphira ajibu kwanza, kwa sauti, nasi sote tumfuate:

Linakwenda, Kong. Pumzika.