Mbuke na Shimo la Justina

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo ni Mbuke, binti wa mzee Mayala, aliyezaliwa Guta, Bunda, tarehe 12 Mei 1938. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Mwalimu wake alilalamika kwamba kichwa cha huyu mtoto kimejaa ndoto, na wala hakukosea.

Mwaka 1959 alifunga ndoa na Luhende, wakawa wakulima wa pamba. Januari 1966 alimzaa Justina kwa uchungu mrefu, na mtoto hakulia. Alikua viungo vimekakamaa, shingo haitulii, chakula kinampalia. Wapo waliomshauri amfiche ndani. Masikini, walidhani wanamsaidia. Kwenye kliniki ya Musoma, nesi Dorkas alimweleza wazi: ubongo uliumia wakati wa kuzaliwa, na dawa ya kuuponya hakuna. Lakini akimnyoosha viungo taratibu kila siku, akimbeba kiunoni miguu imeachana, akimkalisha wima, mtoto atakula vizuri na mikono yake itapata kazi. Shida ikawa hapo kwenye kukaa, maana kila alipokalishwa alianguka.

Basi Mbuke akaota. Alimwona Justina amekaa ziwani, maji yamemfika kiunoni, anacheka. Luhende akamtania kwamba kumbe ameoa nabii. Mbuke hakujali. Alimpeleka mtoto Murangi kwa dada yake, akachimba shimo ufukweni, akamkalisha humo na kumzungushia mchanga uliopashwa joto na jua. Justina akatulia, vidole vikafunguka polepole. Mbuke alilia pale pale.

Walipohamia kijiji cha ujamaa mwaka 1974, alichimba shimo kama lile kando ya shamba la pamoja, akalitandika gunia. Wanawake waliona kwa mbali kichwa na mabega tu juu ya udongo, wakamkimbilia balozi wa nyumba kumi, mzee Machage, kusema Mbuke anamzika mtoto hai. Mzee alifika anahema, akamkuta Justina anachambua pamba, safi huku, fifi, ile iliyochafuka, kule.

“Mama Justina,” akasema, “hili shimo tuwe tunalichimbaga wote.”

Tangu hapo likachimbwa kwa zamu, kila msimu.

Machi mwaka huu Mbuke alianza kuumwa kifua, akalazwa Musoma. Kifo hakikumtisha, alichouliza kila siku ni nani atamkalisha Justina. Mzee Machage alimjibu pale kitandani kwamba zamu bado ipo. Mbuke alifariki usingizini tarehe 3 Agosti 1979.

Ameacha mume, binti yake Justina, dada yake wa Murangi na kaka yake Leodgar, anayesoma haya. Jana vijana wa kijiji walichimba kaburi, kisha kando yake wakachimba shimo dogo, wakalitandika gunia. Justina amekaa humo sasa. Udongo wa kwanza atautupa yeye, kwa mkono wake.

Lala, Mbuke, uote kwa amani.