Sehemu ya Nakhumicha

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, Mbinya Nzivo Nyamai, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo kikuu kinachofundisha kwa mtandao, alikuwa akingoja kusailiwa na walimu wake Jumatatu. Asubuhi hiyo babake, Mzee Nyamai, karani mstaafu ambaye wenzake walimbandika jina la Kalenda, aliketi kwenye benchi la Nthoki, muuza kahawa wa Baba Dogo, akiwa hana raha hata kidogo. Mbinya na wenzake walipewa kazi ya kikundi, kila mmoja na sehemu yake, nao hawakuwahi kuonana ana kwa ana. Kazi ikiwa katikati, mmoja wao, Nakhumicha, akanyamaza kimya. Mbinya alimwuliza babake afanyeje, naye akamjibu kwa desturi ya mwethya, yaani kulimiana kwa zamu, waliyoifuata kwao Ukambani: mwenzako asipofika, mlimie, na mavuno yaitwe yake. Binti akaandika sehemu mbili, ya pili kwa jina la Nakhumicha. Chuo kikautambua mkono mmoja, kikaagiza Nakhumicha ajitokeze aseme kazi ni yake, la sivyo Mbinya arudie mwaka.

— Kalenda, huyo dem ameolewa tu, — alisema Wakoli, dereva wa lori la mbuzi wa Kiamaiko, aliyeitwa Breki. — Bwana amemnyang'anya simu. Si wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone?

— Methali hiyo inaingiaje hapo, Wakoli?

— Inaingia tu, mzee. Kwani umeifungia mlango?

— Wacha zako, Breki, — alidakia Mativo, mchonga vinyago. — Huyo ako Saudi, anafua nguo za watu. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na Saudi hakuna ngamani!

— Nyinyi hamjui kitu, — alirukia Breki, akilisahau lile lake la ndoa. — Hakuna mtu kama huyo! Chuo ndio ilimtengeneza na kompyuta, wanamweka kwa kikundi waone nani fala atamfanyia kazi. Hata sisi tuko na mbuzi mmoja mzoefu, anatangulia, wengine wanamfuata mpaka machinjioni. Yeye hachinjwi!

Benchi zima likacheka, isipokuwa Mzee Nyamai.

— Asiyekuwepo na lake halipo, — alisema Nthoki taratibu, akimmiminia. — Ungemwambia mtoto hivyo, Baba Mbinya, saa hii angekuwa analala.

Mzee alikipokea kikombe asikinywe. Neno hilo lilimchoma kwa sababu mwenyewe alikuwa amejiambia hivyohivyo usiku kucha.

Hapo akaja msichana mgeni, kichwa kimenyolewa upara.

— Hamjambo, wazee. Natafuta kwa kina Mbinya Nyamai. Naitwa Marion. Nakhumicha ni dada yangu.

Breki, Mbukusu aliyejua kwao wafiwa hunyoa nywele wakati wa matanga, alikitazama kichwa kile, akavua kofia.

— Lini, mwanangu? — aliuliza Mzee Nyamai.

— Tarehe tatu Aprili. Ni figo. Simu yake tumeifungua juzijuzi, tulikuwa hatujui namba ya siri. Tukapata meseji za Mbinya: "Popote ulipo, pumzika. Sehemu yako nimeilima." Na akamtumia hiyo kazi. Sasa Mama ananiambia nimsomee kila jioni. Anasema ni sauti ya mtoto wake kabisa.

Akawageukia wote.

— Nilikuwa nataka tu kuuliza. Kuna hata mstari mmoja aliandika yeye?

Breki aliipindapinda kofia mikononi. Mzee Nyamai alisogea kumpa nafasi kwenye benchi.

— Keti, mama, — alisema Nthoki, akiinamisha birika. Halikutoa kitu.

Breki husimulia kijiweni kwamba Mbinya alishindwa kujieleza, na kwamba ni babake aliyemponza tena kwa mambo yake ya mwethya. Haikuwa hivyo. Jumatatu, tarehe 16 Juni, walimu waliposikia habari za msiba walimpa pole, wakamwambia alifute jina la Nakhumicha tu, achukue alama zake, mambo yaishe. Babake, aliyeketi kando ya kompyuta, ndiye aliyemsihi alifute. Mbinya alikataa, jina likabaki, naye akarudia mwaka.